Rangi Nyekundu kwenye Nati za Baba

Baba,

Shikamoo. Najua huitikii. Hata ulipokuwa hai salamu yangu ulikuwa unaiitikia kwa kidevu, spana mdomoni, kwa hiyo hapo hakijabadilika kitu.

Nianze na jambo ambalo hakuna mtu mwingine atakayekwambia. Siku uliyotolewa nyumbani, jeneza lilikuwa linapiga kelele. Lile la chuma la msikitini, limefunikwa kitambaa cha kijani. Wanaume walipolinyanyua na kulipitisha ukumbini, mimi nilikuwa uani na wanawake, nimejikunyata nyuma ya pipa la maji, nikasikia: kli. Kli-kli. Watu walikuwa wanamtaja Mungu, dada yako Shangazi Mwanaidi alikuwa analia kwa sauti ya kusikika mpaka Magomeni nzima, na mimi mwanao, badala ya kulia, nikafumba macho nikasikiliza. Nati ya mguu wa nyuma, kushoto. Imelegea, na washa, kile kipete cha chini ya nati, haipo. Sikuwa na shaka hata kidogo.

Fundi Bakari, aliyemtukana kila fundi baiskeli wa Kariakoo kwa sababu ya nati iliyolegea, amepelekwa kaburini akigongagonga kama debe. Nilitaka kucheka, Baba. Nilitaka kucheka mpaka nikauma pindo la kanga, na wanawake wakaniwekea mkono begani wakisema, "Lia, mwanangu, lia."

Wewe ndiye uliyenifundisha kusikia. Baiskeli ikiletwa unainyanyua shibiri moja kutoka chini, unaiachia, halafu unauliza bila kunitazama, "Bubu, wapi?" Nafumba macho. "Madigadi ya nyuma." "Keria, upande wa kulia." "Kengele." Nikikosea unainyanyua tena na kuiachia karibu kabisa na vidole vyangu vya miguu. Nikipatia husemi kitu, unachukua spana. Mara moja tu ulimwambia Chande, yule anayebeba magunia ya viazi kwa guta lake la magurudumu matatu, "Huyu mtoto ulimi hana, lakini Mungu kampa masikio." Nilitembea na maneno hayo muda mrefu. Naona aibu sasa, namna nilivyoshiba kwa tonge moja.

Bubu. Ulinipa jina hilo mbele ya wateja, na wateja wakalipokea. Shuleni wananifundisha kwa Kiingereza, nyumbani tunasema Kiswahili, na lugha zote mbili zinanikwama mahali pamoja, hapa chini ya koo. Mwalimu wa fizikia aliwahi kutuuliza kwa nini nati hulegea kitu kikitikisika. Nilijua. Nilijua kwa lugha zote mbili. Nikatazama dawati mpaka akamchagua mwingine, na yule mwingine akajibu upuuzi akapigiwa makofi.

Sasa tuzungumze kuhusu dawa yako.

Kariakoo nzima iliijua dawa ya Fundi Bakari. Dawa ya Mjerumani. Kichupa kidogo kimezungushiwa utepe mweusi wa umeme, hakionekani ndani, kinakaa kwenye mfuko wa shati upande wa moyo. Kwanza unaisafisha bolti kwa petroli, isibaki hata chembe ya grisi. Halafu unamgeuzia mteja mgongo, unapaka nyuzi za bolti ile dawa nyekundu, unafunga nati kabla haijakauka. Mwisho unachora kamstari kamoja kanachoanzia kwenye nati na kuishia kwenye bolti. "Ukiuona mstari umekatika," unamwambia mteja, "jua nati imetembea. Na ikitembea, njoo unitemee mate." Hakuna aliyewahi kuja kukutemea mate. Mashimo ya Kariakoo yalivyo, magunia yalivyo, na nati zako zilikaa.

Fundi Sefu ng'ambo ya barabara yeye alikuwa anazungushia bolti vipande vya mfuko wa plastiki. Ulimpigia kelele mbele za watu: "Sefu! Unafunga nati au unafunga maandazi?" Watu wakaanguka kicheko. Sefu naye akacheka, lakini nilimwona mikono yake. Aliendelea kuzungushia ile plastiki polepole, kama mtu anayefunga kidonda.

Nyumbani tulikuwa watatu tunaojua kwamba hakuna Mjerumani. Ilikuwa rangi ya kucha. Rangi ya kucha ya kawaida, nyekundu, wanayouza wadada wa vipodozi wa Mtaa wa Kongo, karibu na sokoni, na mnunuzi wako nilikuwa mimi. Nikiwa na sare ya shule. "Mdogo wangu, shemeji ni nani?" wale wadada wananiuliza. "Mbona unaimaliza haraka, unapaka na kwato?" Mimi kimya, nanyoosha mkono. Ukasema kuwa mwanamume hanunui kitu kama kile. Ukasema siku nitakapofungua mdomo, hutanihesabu mtoto wako. Mimi, Baba? Mimi na mdomo wapi na wapi?

Unakumbuka siku mwalimu wa zamu aliponikuta na wekundu kwenye vidole? Nilikuwa nimekusaidia jioni iliyotangulia kupaka nati za keria. Alinisimamisha mbele ya mstari, akanikwangua kwa wembe huku wenzangu wanaimba. Nikakuletea mikono nyumbani. Ulikuwa unakula. Ulitazama, ukasogeza bakuli la mchuzi. "Vumilia," ukasema. "Ni rangi tu." Hukwenda shuleni. Ungekwenda kusema nini?

Na ile Idi ambayo Mama alipaka kucha zake. Zake, Baba, kwenye mikono yake. Alikuwa amechukua kidogo tu kwenye kichupa chako, amekaa mlangoni akipuliza vidole kama msichana. Ukampa wembe. "Mke wa Fundi Bakari si kikaragosi." Akakwangua huku wageni wanapita na vikombe vya chai. Nawe mfukoni, upande wa moyo, kichupa kipo.

Nimekaa na mambo haya tangu presha ilipokuangusha pale kibandani kwako. Watu wanakuja kusema ulikuwa mtu wa watu. Naitikia amina.

Yaliyotokea baada ya kuondoka kwako ni haya.

Uliacha kazi za watu nusu nusu. Keria ya Chande, madigadi za yule muuza kahawa, mikono ya breki za kijana wa mikate. Wenyewe walikuwa wanakuja kusimama kibandani na kuniangalia. Mama alikuwa ameingia eda, hatoki nje, hajipambi, yuko chumbani na kanga zake zilizopauka. Nikawa nabeba vyuma kuvipeleka nyumbani baada ya shule, vimefungwa kwenye gunia. Mama akavipokea bila kuniuliza. Tukawa tunakaa mkekani, mimi nasafisha, yeye anapaka. Brashi ya kichupa ilikuwa imekakamaa, kwa hiyo anachovya kijiti na kusawazisha kwa ukucha wa kidole kidogo, kama alivyokuwa anakufanyia wewe siku zote ulipokuwa na kazi nyingi. Siri hiyo nayo nilikuwa siijui: alivyokuwa hodari. Mstari wake ulinyooka kuliko wako. Samahani, lakini ni kweli.

Shangazi Mwanaidi aliingia bila hodi, kama kawaida yake. Vyuma nilikuwa nimeshavirudisha kwenye gunia. Akauona mkono wa Mama unachukua kikombe. Ukucha mwekundu.

Hakusema kitu siku ile. Alikunywa chai akamaliza. Hilo ndilo lililoniogopesha. Alipoondoka, Mama alichukua wembe akajikwangua kwa ajili ya swala, kwa sababu petroli ya kufutia ilikuwa imetuishia. Nilitoka nje. Sauti ile ya wembe kwenye ukucha naijua sana.

Alisema siku ya arobaini yako. Khitma imeshasomwa, wanaume wako mbele chini ya turubai, sisi uani na masufuria. Ndugu zako wa kike wote walikuwepo, na majirani.

"Jamani, mimi si mtu wa kusema," alianza, nikajua atasema sana. "Lakini marehemu ni kaka yangu, tumbo moja. Mkewe yuko ndani ya eda anapaka rangi ya kucha. Nyekundu! Mwulizeni anaswali na nini. Hayo maji ya udhu yanapita wapi?" Akauchukua mkono wa Mama akaunyanyua kama mtu anayeonyesha samaki aliyeoza. Ukucha ulikuwa na mikwaruzo myeupe, na kwenye kona wekundu umebaki. "Hata kujificha hajui."

"Anampakia nani?" akauliza mmoja.

"Ndiyo ulize. Kaka yangu udongo haujakauka." Shangazi aliuachia ule mkono. "Nyumba hii ni ya baba yetu. Aliyeivunja eda kwa mikono yake akaimalizie kwao Lindi. Kesho asubuhi. Zuhura atabaki kwangu, huyu ni damu yetu."

Mimi kubaki na Shangazi Mwanaidi. Mama kurudi Lindi na jina la malaya. Nilimtazama Mama nikisubiri aseme. Neno moja tu, Baba, neno ambalo yeye analijua na mimi nalijua.

"Mama Zuhura, una la kujibu?"

"Sina, wifi."

Alikuwa anakulinda wewe. Umelala zako chini, na mwanamke uliyempa wembe siku ya Idi anakulinda.

Nikasema, "Si yake."

"Nani kasema hapo?"

"Mimi."

"Ee, kumbe kanasema!" akacheka bibi mmoja.

"Si ya Mama," nikasema. "Ni ya Baba."

Hata mwiko ulisimama ndani ya pilau. Niliingia ndani nikarudi na kichupa. Nikauma ncha ya utepe mweusi kwa meno nikaanza kuuzungusha, na ulikuwa mrefu, Baba, uliuzungusha kama mtu anayefunga maiti. Wote wananitazama. Mama akasema, "Zuhura," kwa sauti ndogo. Nikaendelea. Utepe ukaisha. Pakabaki kichupa cha kike, mfuniko mrefu mweusi, na karatasi yake yenye ua la waridi.

Jirani mmoja alikipokea, akakifungua, akanusa.

"Mungu wangu. Hii si ninayo kabatini?"

"Ndiyo dawa ya Mjerumani," nikasema. "Ndiyo aliyokuwa anafungia nati. Mama alikuwa anamalizia kazi za Baba."

"Mjerumani!" alisema yule bibi. "Mjerumani wa Mtaa wa Kongo!"

Ndipo walipocheka. Hujawahi kusikia wanawake wakicheka hivyo kwenye arobaini. Mmoja alikaa chini. Mwingine anajipepea kwa sinia. Na mlangoni alikuwa amesimama Fundi Sefu na kijana mwingine, wametumwa kulichukua sufuria la pilau kulipeleka mbele. Alikuwa amesikia yote. Aliegemea mlango ili acheke vizuri.

"Kumbe jamaa alikuwa saluni!" akasema. "Na mimi na maandazi yangu!"

Ningeweza kuishia hapo. Mama alishakuwa salama, niliona kwenye macho ya wale wanawake. Sikuishia. Mdomo ulikuwa umefunguka na maneno yakatoka kama gololi za ekseli iliyopasuka, zinaruka kila upande na huwezi kuzikusanya. Nikasimulia shule. Nikasimulia bakuli la mchuzi. Nikasimulia Idi na wembe na wageni wenye chai. Nikasema, "Alimwita Mama kikaragosi na kichupa kikiwa mfukoni." Wakati huo walikuwa wameacha kucheka. Walikuwa wanatazama chini, na mimi bado nasema. Ilikuwa tamu. Nakiri kwako peke yako: ilikuwa tamu, na nilijua kwamba huwezi kuniachia baiskeli miguuni.

Shangazi hakuomba radhi. Alikishika kile kichupa mkononi kwa muda, akasema tu, "Bakari?" kana kwamba uko chumba cha pili. Kisha akasema, "Pakueni, watu wana njaa." Lindi haijatajwa tena mpaka leo.

Wageni walipoondoka nilidhani Mama atanikumbatia. Alikuwa anasugua sufuria. Alisema bila kugeuka:

"Umemzika mara ya pili. Mara hii bila sanda."

"Wangekufukuza, Mama."

"Ningeenda. Ningemaliza eda kwetu, ningerudi. Yeye atarudi wapi?"

Baada ya hapo tulikuwa tunasemezana chumvi na maji na mlango. Tuliendelea kukaa mkekani na vyuma, mimi nasafisha, yeye anapaka, na kimya chake kilikuwa kibaya kuliko chako. Chako nilikuwa nimekizoea.

Unataka kujua jina lako likoje sokoni? Kibanda chako wanakiita Saluni. Wapagazi wakipita na mizigo kichwani wananiita, "Dada, nioshe miguu basi!" Fundi Sefu alikuja akajifanya ananisalimia. "Mambo, Zuhura?" Nikasema poa. Akazungukazunguka, mwisho akauliza ni ile nyekundu tu au hata ya pinki inashika. Sasa hazungushii plastiki. Mafundi wote wa mtaa ule wanatumia, hawajifichi, wanaitoa mfukoni mbele ya mteja. Chande ameshasahau kwamba kulikuwa na Mjerumani. Anakuja na guta lake anasema, "Nipige kucha hapo kwenye keria." Kupiga kucha. Ndivyo inavyoitwa siku hizi. Jina lako halimo. Ungesema mwenyewe, tangu siku ya kwanza, "Jamani, hii ni rangi ya kucha, mimi ndiye niliyegundua," wangekucheka wiki moja halafu wangekuheshimu mpaka kufa. Ulichagua vingine. Ulichagua wembe.

Mama alipotoka eda, walimwogesha, wakampa kanga mpya. Mimi nilikuwa nimemnunulia zawadi. Wale wadada wa vipodozi waliniuliza shemeji ni nani, nikawajibu, "Ni ya mama yangu," wakanyamaza. Rangi ya zambarau, nzuri, ya Idi. Nilimpa mikononi. Akaisoma karatasi, akaifungua, akanusa. Halafu akaenda pale kwenye gunia, akatoa keria, akaipaka kwenye bolti. Zote nne. Akachora mistari ya zambarau, iliyonyooka.

"Inakauka haraka kuliko ile yake," akasema.

Yalikuwa maneno marefu kuliko yote aliyoniambia tangu arobaini. Aliyasema kwa huzuni, kana kwamba amekukosea. Kucha zake hazina kitu. Nadhani hazitakuwa na kitu tena, na hilo ni lako, Baba. Hilo siwezi kulifuta hata kwa petroli.

Juzi nilikwenda msikitini baada ya swala ya alasiri, watu walipokwisha kutoka. Mhudumu alikuwa anakunja mikeka barazani.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti."

"Nimekuja kufunga nati ya jeneza."

Akanitazama, akatazama spana mkononi mwangu. "Mwanamke na jeneza wapi na wapi?"

Zamani ningegeuka nikaondoka. Nikamwambia, "Mguu wa nyuma, kushoto. Washa haipo. Lilimbeba baba yangu likigonga, na nyinyi mnaolibeba mmeacha kulisikia." Aliuweka mkeka chini. Kisha akasema, "Wewe ndiye yule binti wa Saluni?" Nikasema ndiye. Akanizungusha kwa nyuma, kwenye banda linamohifadhiwa jeneza.

Niliinyanyua ncha ya jeneza shibiri moja nikaiachia. Kli. Mguu wa nyuma, kushoto. Nilikaa chini nikacheka, na safari hii nikalia pia, siwezi kukwambia kipi kilianza. Niliisafisha bolti kwa petroli mpaka chuma kikang'aa. Nikaweka washa. Nilikuwa na vichupa viwili mfukoni, cha zambarau na chako. Nikatumia chako. Kilikuwa kimebaki cha kutosha nati moja, labda wewe ungesema nabana, ungesema paka vizuri, Bubu, unapaka au unabusu? Nikapaka vizuri. Nikafunga. Nikachora mstari mbele ya macho ya yule mhudumu, sikumgeuzia mgongo, naye akauliza, "Hiyo ni nini?" nikamwambia, "Rangi ya kucha. Baba yangu ndiye aliyeigundua."

Nikanyanyua tena, nikaachia. Kimya.

Kaburini kwako siji. Shangazi ataendelea kuja, analia vizuri kuliko mimi. Mimi nitakuwa nakwenda kuutazama ule mstari, kila baada ya mazishi ya mtu, na ukikatika nitaufunga upya. Hiyo ndiyo ahadi yangu, na ni yote niliyo nayo ya kukupa. Siku moja Mama naye atabebwa juu ya chuma kile. Atatoka nyumbani kimya kabisa, Baba. Wewe ulishapiga kelele kwa niaba yetu sote.

Kwaheri. Lala.

Mimi,
Zuhura. Lile jina jingine nimeliacha kwenye banda la jeneza pamoja na kichupa kitupu.